Miezi Tisa ya Korongo

Mama mwenzangu, katika kitabu cha Ayubu, sura ya 39, Mungu anamwuliza Ayubu kama anajua majira ambayo wanyama wa mwituni huzaa, na kama anaweza kuhesabu miezi ya mimba zao. Sisi wauguzi huhesabu miezi ya akina mama kila siku kliniki, kwa hiyo swali hilo hunigusa. Mimba ya korongo ni miezi tisa na siku chache, karibu sawa na yetu, na huzaa mtoto mmoja.

Korongo ninayemsema si ndege. Ni mnyama mkubwa wa jamii ya swala, mwenye masikio marefu, uso mweusi wenye mabaka meupe, na pembe zilizopinda kuelekea nyuma. Ndugu yake ni palahala, ambaye hapa Kenya anaishi Shimba Hills, Kwale. Zamani ndugu hao walikuwa watatu. Yule wa tatu, wa rangi ya buluu na kijivu, aliishi Afrika Kusini. Bunduki zilimmaliza yapata mwaka 1800, na hatazaliwa tena.

Korongo wa Kenya wamebaki Ruma tu, katika Bonde la Lambwe, Homa Bay. Hesabu ya wanyama ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa hawakufika 20.

Siku za kujifungua zikikaribia, mama korongo hujitenga na kundi. Mtoto humficha katika nyasi ndefu kwa wiki kadhaa, akimwendea kumnyonyesha. Ukimkuta mtoto huyo peke yake utadhani ametupwa, kumbe ndivyo anavyolindwa na fisi. Lakini mama mwenyewe akinaswa na mtego wa waya, mtoto hubaki akingoja ziwa lisilokuja.

Mitego hutegwa kwa sababu nyama ina mnunuzi, na anayeipika ni mama. Tukiletewa mlangoni nyama ya bei rahisi isiyo na muhuri wa mkaguzi, tuulize imetoka wapi. Nyama ya namna hiyo inaweza hata kuingiza kimeta nyumbani. Najua ni vigumu kukataa wakati watoto hawajaonja nyama mwezi mzima. Hata hivyo tukatae, tupike omena au maharagwe. Mungu ajuaye miezi ya korongo anajua pia yaliyomo katika sufuria zetu.