Stoo ya Mama

Nilipohamia kwa mama, Tanga, mwaka 2011, stoo yake haikunipendeza. Chumvi ilikaa kwenye chungu cha udongo sakafuni, sukari kwenye kopo la bati, mchele ndani ya debe lililofunikwa kwa sinia. Nikanunua makopo 12 ya plastiki, yote sawasawa, nikayapanga kwenye rafu na kuyabandika karatasi zenye majina. Nilijiona nimefanya jambo la maana.

Ijumaa alikuja shangazi. Mama akapika chai mwenyewe. Shangazi aliinywa yote bila neno. Nilipoionja mimi, ilikuwa ya chumvi.

Usiku nilimuuliza mama.

"Macho, mwanangu. Tangu mwaka juzi. Nilikuwa napapasa tu: udongo ni chumvi, bati ni sukari."

Nami nilikuwa nimekaa naye miezi mitatu nisijue.

Kesho yake nilirudisha kila chombo mahali pake, ndipo tukaenda hospitali. Ulikuwa mtoto wa jicho. Alifanyiwa upasuaji, akaona tena.

Stoo sikuigusa tena. Nilikuwa nimeona vyombo visivyofanana, sikumwona mwenye vyombo.