Sweta la Mikono Isiyolingana

Walimu wenzangu wataniwia radhi kwa kuleta katika kurasa hizi, ambazo aghalabu hujishughulisha na ngeli, mashairi na mitihani, habari za sindano na uzi. Lakini lugha tunayoifundisha imejaa nyuzi. Kutokana na kitenzi kufuma tumepata mfumaji na ufumaji, tumepata kufumua na kufumuka, na tumepata mfumo, neno ambalo leo hakuna alionaye kuwa na udugu na kitambaa, ingawa twalitamka kila siku tusemapo mfumo wa elimu au mfumo wa sauti. Hapa kwetu Kigezi kitenzi hiki kina mtego wake. Kwa Kirukiga kufuma ni okuruka. Basi haupiti mwaka asitokee mwanafunzi wa kidato cha kwanza akaandika katika insha yake kwamba "shangazi anaruka sweta", na darasa zima likamwona shangazi huyo yu hewani.

Kabale ni mji wa milimani, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na wa Julai ukungu hulala mabondeni hata saa tatu za asubuhi, na mtu anayetoka kwenda sokoni bila ya sweta huonekana kuwa na shida nyumbani kwake. Kwa hiyo sweta kwetu si pambo. Watoto wa shule huvaa yale yafumwayo kwa mashine, yenye namba shingoni. Watu wazima hujinunulia ya mitumba. Na wachache waliobaki, wengi wao wanawake wa umri wangu na zaidi, hufuma kwa mkono. Mimi nilifundishwa na mama, ambaye hakujua kusoma kielelezo hata kimoja. Alikuwa akimwita mtu, akimzungusha uzi kifuani, akifunga fundo pale uzi ulipokutana, na sweta likatoka.

Vielelezo vya vitabuni nilivijua baadaye chuoni, na nilivistahi sana, kama tulivyostahi kila kilichochapwa. Kielelezo husema: anzisha vitanzi kadha, fuma mistari kadha, punguza viwili kila upande. Husema kwa sauti ya amri wala hakielezi sababu. Lakini ukikitazama vizuri utaona kwamba nyuma ya kila namba umesimama mwili wa mtu ambaye hukumwona: mabega yake yana upana fulani, mikono yake miwili ni sawasawa, kifua chake kimegawanyika katika nusu mbili zinazofanana. Aliyekiandika alipaswa kumchagua mtu huyo, maana hakuweza kutupima sote. Si kosa lake. Ila mfumaji asiyelijua jambo hili hufuma sweta la mgeni, kisha akalivaa yeye na kujilaumu kwamba mwili wake una kasoro.

Aliyenifungulia mlango huu ni mwandishi Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyehamia Marekani, ambaye kitabu chake Knitting Without Tears kilitoka mwaka 1971. Mtawa mmoja alituachia nakala iliyokwisha chakaa aliporejea kwao. Mama huyu, aliyefariki mwaka 1999, hakuwapa wasomaji wake orodha ya amri tu, bali aliwapa uwiano. Chukua, asema, idadi ya vitanzi vinavyozunguka kiwiliwili, uiite mia kwa mia. Ncha ya mkono kwenye kifundo itakuwa kama sehemu 20 katika mia hiyo, na sehemu nene ya mkono kati ya 33 na 35. Basi anayejua hesabu ya darasa la sita aweza kujitungia sweta lake bila ya kumwomba mtu ruhusa. Nilipoisoma nilimkumbuka mama na uzi wake wenye fundo.

Lakini hata uwiano huo una mwili ndani yake, na haya ndiyo hasa yaliyonifanya niandike.

Mdogo wangu anayenifuata alikatwa titi la kushoto huko Kampala, pamoja na tezi za kwapani. Namshukuru Mungu, yu hai, na madaktari wanasema yu salama. Hata hivyo tezi hizo zina kazi: ndizo zinazosaidia kuchuja na kupitisha maji ya mwilini yatokayo mkononi. Zikiondolewa, kwa baadhi ya watu maji hayo hukawia, na mkono huvimba, pengine miezi, pengine miaka baada ya kupona. Mkono wa mdogo wangu ulivimba mwaka wa pili. Alikuwa na soksi maalumu ya mkono aliyopewa hospitalini, ambayo hubana kwa kipimo, zaidi kwenye kifundo na kidogo kidogo kuelekea juu. Alichokatazwa ni kitu kinachobana mahali pamoja kama mpira au kamba. Na sweta lolote la dukani, mshipi wake wa kifundoni ni kamba hasa.

Hapo akaacha masweta. Akawa anajifunika shuka, mkono wa kushoto umefichwa ndani, na kwa kuwa mtu hawezi kuuza kabichi huku mkono mmoja umo ndani ya shuka, akaacha na soko. Kisha akaacha kanisa. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta amekaa karibu na jiko saa nne za asubuhi, mwanamke ambaye zamani saa hiyo alikuwa amekwisha uza gunia zima na kugombana na watu watatu.

Nikamwambia nitamfumia sweta. Akanijibu, "Dada, unafume mikono miwili ya ukubwa mmoja. Sitaki mtu ajue." Mimi nilitaka kinyume chake: kila mkono upewe nafasi yake, basi. Tulibishana siku mbili. Nikamwonyesha kwamba mkono mpana juu ya mkono mwembamba huning'inia na kuingia katika mchuzi. Naye akanionyesha kwamba mimi siye nitakayetazamwa sokoni. Alikuwa na haki. Mtu anayevaa nguo ndiye mwenye kuamua nini kionekane, na mfumaji akijifanya mwamuzi wa jambo hilo amekuwa kielelezo kingine tu. Ndipo nikaona kwamba swali lilikuwa hili: yawezekanaje mikono miwili iwe tofauti ndani, na nje jicho lisione?

Kwanza nilifuma kipande cha majaribio, chenye upana zaidi ya sentimita 10, nikakifua, nikakikausha, ndipo nikakipima. Wengi hulipita jambo hili wakaja kujuta. Kipande changu kilinipa vitanzi 20 na mistari 28 kwa kila sentimita 10. Kama mkono wangu ungalikaza kidogo tu nikapata 21, vitanzi 200 ambavyo vilipaswa kutoa sentimita 100 vingalitoa 95, na sentimita tano katika kifua cha mtu aliyepasuliwa si jambo dogo.

Kifua chake, pamoja na nafasi ya kupumua, kilihitaji sentimita 100. Ndiyo hivyo vitanzi 200. Mkono wa kulia, ule mzima, ulifuata uwiano wa bibi Zimmermann bila ya kuteta: vitanzi 40 kifundoni na 70 juu. Mkono wa kushoto haukufuata uwiano wa mtu. Niliupima mahali pane, jioni, wakati uvimbe umezidi, nikapata vitanzi 48 kifundoni na 84 juu. Kutoka 40 kufika 70 ni nyongeza 15 za vitanzi viwili viwili. Nikaziweka kila baada ya mistari 7. Kutoka 48 kufika 84 ni nyongeza 18. Nikaziweka kila baada ya mistari 6. Urefu ukatoka karibu sawa. Mstari wa nyongeza hupita chini ya mkono, mahali ambapo hakuna atazamaye, na hivyo sehemu kubwa ya tofauti ikawa imekwenda kujificha yenyewe.

Kwenye kifundo sikuweka mshipi wa kubana. Mikono yote miwili niliifuma kwa mbavu tangu chini hadi juu, yaani vitanzi viwili vya uso na viwili vya mgongo, ule ufumaji unaovutika na kurudi. Mbavu hizo zikivaliwa hufunguka kidogo kwa mkono wa kushoto na kufumba kidogo kwa wa kulia, na jicho huona mistari tu.

Tundu la kushoto la kuingizia mkono lilihitaji kina cha sentimita 21, na la kulia 17 na nusu. Tofauti hiyo ni mistari 10, nami nikaishusha upande wa chini, mabega yasije yakapishana. Kisha nikaweka vikwapa. Walimu wa pwani watalijua neno hili: ni kile kipande kidogo kinachotiwa kwapani katika kanzu ili mtu ainue mkono bila ya kuchana nguo. Wavuvi wa visiwa vya Uingereza nao hukitia katika masweta yao ya kazi, tena kwa umbo la pembe nne lile lile. Naona fahari kwamba lugha yetu ilikuwa na neno hili tayari, limetulia kwapani mwa kanzu, likingoja kuitwa.

Mbele niliacha wazi kwa vifungo, kwa sababu mdogo wangu hakuweza kuinua mkono wa kutosha kuvaa nguo ya kupitisha kichwani. Kandokando ya vifungo nikapandisha misuko miwili minene kila upande. Msuko hukusanya kitambaa na kukipunguza upana, kwa hiyo niliongeza vitanzi viwili kwa kila mmoja. Unene wake hufanya upande usio na titi usijulikane kwa urahisi. Jambo la misuko aliliomba mwenyewe, kwa maneno machache, akitazama pembeni.

Uzi niliupata sokoni kwa kufumua sweta kubwa la mtumba la mwanamume, la kijani kibichi. Anayetaka kufanya hivi na alipekue kwanza ndani ya mishono: likiwa limefumwa vipande vikashonwa pamoja, litafumuka uzi mmoja mrefu, likiwa limekatwa kwa mkasi kama kitambaa na kuzungushiwa nyuzi za mashine, atapata vipande vya shibiri mbili mbili visivyofaa hata kufungia mchicha. Uzi uliofumuliwa hujikunja kama nywele zilizotoka kufumuliwa. Niliuzungusha nyuma ya kiti, nikaufunga mahali panne, nikauosha, nikautundika na jiwe, ukanyooka.

Sweta lilimaliza wiki saba, kwa kuwa nina madarasa. Siku ya kwanza alilivaa nyumbani tu. Siku ya soko alikwenda nalo, na jirani yake wa kabichi akamwuliza mahali alipolinunua na bei yake. Hakuuliza la mkono. Mdogo wangu alinisimulia habari hii mara tatu jioni ile, na kila mara bei ilipanda.

Yangaliishia hapo kama si mwanamke mmoja wa Bunia, huko Kongo, aliyekuwa kitanda cha jirani yake Kampala, nao wangali wakipigiana simu. Huyo naye mkono umemvimba, naye anafuma. Akaomba maelezo. Kiingereza hasomi, Kirukiga hakijui, na Kifaransa mimi sikijui. Lugha iliyotuunganisha ni hii ya kazi yangu. Nikaketi niandike kielelezo kwa Kiswahili, na hapo nilitoka jasho kuliko katika kufuma. Vitabu vyangu vyote vimeandika kwa vifupisho vya Kiingereza, herufi moja moja, na wanawake wa hapa huvitamka hivyo hivyo. Niliazimia nisitumie hata kimoja. Nikaandika "kitanzi cha uso" na "kitanzi cha mgongo". Nikaandika "anzisha", "ongeza", "unganisha viwili", "funga". Mbavu na msuko hazikunisumbua. Kikwapa nilikieleza kwa mchoro, kwani sikuwa na hakika kwamba kanzu za Bunia hushonwa kama za Mombasa. Nilipofika kwenye namba nikaziacha wazi, kila penye namba nikaweka mstari mtupu, na juu ya karatasi nikaandika namna ya kujipima na namna ya kukokotoa.

Mwalimu mwenzangu aliyeisoma karatasi hiyo alipinga "kitanzi cha mgongo". Alitaka "kitanzi cha kinyume", akisema mgongo ni wa mtu. Nilimjibu kwamba kitambaa nacho kina uso, wala hakuna aonaye ajabu. Hatujapatana, na nitafurahi wasomaji wakitupa rai zao, hasa wale wa Burundi na wa Kongo ambao huenda wana maneno yaliyokwisha zoeleka masikioni mwa wafumaji wao.

Mwezi uliopita yule mama wa Bunia alituma picha. Sweta lake ni la rangi ya samawati, mkono uliovimba kwake ni wa kulia, na mikono yote miwili imekaa vizuri. Misuko ameiacha, asema inamwonyesha mnene. Mahali pake ametia mfuko wa ndani wa kuwekea simu, upande ule ule usio na titi, na mdogo wangu alipouona akaniletea lake nilifumue mbele.