Lugha ya Nyumbani na Ukuta wa Bahari

Watu wengi hudhani kwamba mataifa makubwa ya Ulaya hayana matatizo ya lugha. Sisi walimu tumekuwa tukiwaambia wanafunzi wetu kuwa Wafaransa husema Kifaransa, Wajerumani husema Kijerumani, na habari ikaishia hapo. Mimi nami niliamini hivyo mpaka mwaka 1999, nilipopata nafasi ya kukaa miezi mitatu kaskazini ya Ujerumani, katika kijiji kimoja cha Dithmarschen, si mbali na mji wa Heide.

Mwenyeji wangu alikuwa bibi mjane aliyepita umri wa miaka sabini. Kijerumani kidogo nilichojifunza kilinitosha kusalimia na kuomba maji. Lakini jioni ya kwanza alipokuja jirani yake, mzee mwenzake, nilisikia mazungumzo nisiyoyaelewa hata kidogo. Nilipouliza, bibi alicheka, akanijibu kuwa hiyo ndiyo Platt, lugha ya nyumbani.

Lugha hiyo huitwa pia Kijerumani cha Chini. Neno "chini" lisitupotoshe: maana yake ni lugha ya nchi tambarare iliyo karibu na bahari, wala si lugha duni. Katika Kijerumani cha shuleni maji ni Wasser, tofaa ni Apfel, na wakati ni Zeit. Katika Platt ni Water, Appel na Tiet. Mwanafunzi ajuaye Kiingereza atautambua undugu huo mara moja, kwani Waangli na Wasaksoni waliovuka bahari kwenda Uingereza katika karne ya 5 walitoka pande hizo hizo.

Tena haikuwa lugha ya wakulima peke yao. Katika karne ya 13 Eike von Repgow aliandika kwa lugha hiyo kitabu cha sheria kiitwacho Sachsenspiegel, kilichofuatwa mahakamani kwa karne nyingi. Wafanyabiashara wa Hansa, umoja wa miji ulioongozwa na Lübeck, waliieneza mpaka Bergen, Visby na Novgorod. Kama Kiswahili kilivyofuata majahazi na misafara, ndivyo Platt ilivyofuata meli za Hansa; na hata leo lugha za Denmark, Sweden na Norway zimejaa maneno yake. Biblia ilipigwa chapa kwa lugha hiyo mjini Lübeck mwaka 1494.

Kisha mambo yakageuka. Biashara kubwa ilihamia bahari ya Atlantiki, na Hansa ikadhoofu mpaka mkutano wake wa mwisho mwaka 1669. Watawala, mahakama, makanisa na shule walishika Kijerumani cha Juu, na Platt ikarudi jikoni na mashambani. Mwaka 1834 Ludolf Wienbarg, mzaliwa wa Altona, mtu wa kaskazini mwenyewe, alitoa kijitabu akidai kuwa lugha hiyo ing'olewe kwa ajili ya maendeleo. Klaus Groth, mwana wa Heide, aliijibu dharau ya namna hiyo kwa vitendo: mwaka 1852 alitoa diwani yake Quickborn, akaonyesha kwamba lugha ya nyumbani yaweza kubeba fikra nzito. Fritz Reuter wa Mecklenburg naye alifanya hivyo kwa hadithi.

Lakini vitabu peke yake havilei watoto. Bibi alinieleza kuwa yeye na mumewe walisema Platt maisha yao yote, ila watoto wao waliwasemesha Kijerumani cha shuleni tu. Mwalimu wa kijiji aliwaonya kuwa mtoto wa Platt atabaki nyuma darasani. Walimtii, maana waliwatakia watoto wao mema. Watoto walifaulu, wakaenda mijini. "Nilipofiwa na mume wangu," alisema, "nilifiwa na mtu wa kusema naye."

Maneno hayo yalinichoma, kwa kuwa mwalimu yule nilimfahamu. Alikuwa mimi. Mwaka 1979, nikiwa mwalimu kijana katika shule moja milimani Upare, niliwavika kibao shingoni watoto waliosema Chasu uwanjani. Nilidhani naijenga lugha ya taifa. Na huko Dar es Salaam wanangu walikua bila kujua Chasu, hata mama yangu alipokuja kututembelea alikaa sebuleni kama mgeni, akitabasamu tu mbele ya wajukuu wake.

Sisemi kwamba Kiswahili kilikosea. Kimetuunganisha, nasi hatuna budi kukienzi. Kosa lilikuwa langu, la kudhani kwamba mtoto hawezi kubeba lugha mbili. Ujerumani yenyewe imeanza kujirudi. Tangu mwaka 1999 Platt inalindwa huko chini ya mkataba wa Ulaya wa lugha za kimaeneo na za walio wachache, na mwaka 2010 Hamburg iliiingiza katika masomo ya shule za msingi. Hata hivyo, uchunguzi wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa katika kila watu 100 wa kaskazini, wanaoisema vizuri ni kama 16 tu, na wengi wao ni wazee. Shule haiwezi kurudisha kwa saa chache kile ambacho nyumba imekiacha.

Siku moja bibi alinipeleka kwenye ukuta mrefu wa udongo unaozuia bahari isimeze mashamba. Kwa Platt huitwa Diek, na Kijerumani cha shuleni kimelichukua neno hilo kuwa Deich. Zamani kila mwenye shamba alipewa sehemu yake ya ukuta aitunze. Aliyeshindwa alinyang'anywa ardhi. Nikakumbuka ndiva za kwetu, mabwawa yanayokusanya maji usiku ili yafunguliwe mashambani asubuhi, nayo hutunzwa kwa zamu.

Niliporudi nilipanda milimani na daftari, nikakaa na mama. Nilimwomba anitajie maneno yote ya kazi ya ndiva. Alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa Chasu nitayafanyia nini. Nikamjibu, kwa Chasu iliyokwisha kushika kutu, kuwa nataka kuwafundisha wajukuu zake. Tulianza jioni ile.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Ndugu mwalimu, ukuta huu kila mmoja wetu ana sehemu yake.