Pua ya Lincoln

Ukitaka kuitambua ndege ya kivita ya zamani kwenye picha, usianze na rangi. Picha nyeusi na nyeupe ni shahidi mwongo. Kijani na hudhurungi zote hugeuka kijivu kimoja. Usiamini sana maneno yaliyoandikwa nyuma ya picha pia. Mara nyingi aliyeyaandika hakuwepo. Anza na vitu ambavyo fundi hawezi kuvibadilisha kwa brashi: injini ni ngapi, mkia ukoje, bunduki zimekaa wapi, pua imechongwa vipi.

Hivyo ndivyo nilivyoisoma picha ambayo Baba Mkubwa aliituma kwenye grupu letu la WhatsApp. Babu, aliyetoka Kakamega akatafuta kibarua Nairobi, amesimama kwenye uwanja wa ndege wa kijeshi wa Eastleigh. Amevaa kaptura, kofia iko mkononi. Nyuma yake kuna ndege ya injini nne, imekatwa na ukingo wa picha. Nyuma imeandikwa kwa wino: "Lancaster, Eastleigh." Mwaka hakuna. Kwetu hadithi imekuwa ile ile miaka yote, kwamba Babu alibeba mizigo ya Wazungu wa ramani.

Na hadithi hiyo ina mizizi. Mwisho wa miaka ya 1940 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, kikosi cha 82 cha jeshi la anga la Uingereza kilirusha Lancaster huku kwetu kupiga picha za ardhi, ili ramani za makoloni zichorwe. Mojawapo, PA474, ingali inaruka hadi leo. Ndiyo ile inayopita juu ya London kwenye sherehe za kifalme, watu wakiishangilia. Wengi wanaoishangilia hawajui kwamba iliwahi kufanya kazi ya kupima ardhi Afrika. Tena wakati huo haikuwa na bunduki: vibanda vyake vya bunduki viling'olewa, mashimo yakazibwa kwa bati.

Picha ya Babu ina bunduki. Mbili, puani.

Hapo nikaivuta picha kwenye skrini. Lancaster ina kioo cha mviringo chini ya pua, kama bakuli lililoinamishwa. Hiki kina pembe, vipande bapa vilivyoshikwa na fremu zilizonyooka, mithili ya dirisha la duka. Hiyo ni Lincoln, mdogo wake Lancaster, iliyoruka mara ya kwanza Juni 1944. Mabawa yangemaliza ubishi haraka, maana ya Lincoln yana karibu mita 37 na ya Lancaster 31, lakini mpiga picha aliyakata yote mawili. Mkia nao haungesaidia. Zote zina mapezi mawili. Inabaki pua, na pua inatosha.

Lincoln hazikuja Kenya kuchora ramani. Zilianza kufika Novemba 1953, vikosi vikapokezana hadi 1955, na kazi yao ilikuwa kuangusha mabomu kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, walikokuwa wapiganaji wa Mau Mau.

Mama yangu ni wa Nyeri. Cucu, mama yake, alikuwa msichana kijijini karibu na msitu, na alizitofautisha ndege bila kuziona. Zile ndogo, Harvard, zililia kama nyuki aliyekasirika. Zile kubwa zilinguruma mbali, kisha vyombo jikoni vikatikisika. Alisema hakuna aliyewahi kumwonyesha picha ya kitu kilichotikisa vile vyombo. Sasa iko kwenye simu yangu, na mbele yake amesimama baba yake baba yangu, anatabasamu kidogo.

Nilimpigia Baba Mkubwa kabla ya kuandika lolote kwenye grupu. Mambo kama haya, nadhani, hayafai kumfikia mtu kupitia ujumbe. Akanyamaza, kisha akasema, "Lakini yeye alikuwa wa kubeba tu."

"Ndiyo, Baba Mkubwa."

"Na hukuambiwa alibeba nini."

"Sikuambiwa."

Sidhani alikuwa anamtetea Babu. Alikuwa anapima sentensi atakayoweza kuishi nayo. Picha inaweza kutaja ndege; haiwezi kutaja mzigo, wala mshahara uliomfanya mtu asimame pale. Hata hivyo nilimwomba ruhusa ya kurekebisha jina, akakubali. Chini ya picha sasa pameandikwa: Avro Lincoln, Eastleigh, kati ya 1953 na 1955.

Mama ndiye aliyejibu wa kwanza, si kwenye grupu bali kwangu pekee. Aliuliza kama milango ya tumboni, ile ya mabomu, ilikuwa wazi au imefungwa. Nikaikuza picha hadi ikawa chembechembe tupu. Sehemu ile imefunikwa na kivuli cha bawa, na mbele ya kivuli yuko Babu.