Kwenda Kariakoo Wakati wa Masika

Mama gani wa Dar es Salaam asiyeijua Kariakoo? Vitenge vya harusi, sufuria za shughuli, daftari za watoto, dagaa, viungo vya pilau, vyote hupatikana huko, na kwa bei ambayo mama mwenye familia kubwa anaweza kuimudu. Jina lenyewe lina historia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipouteka mji huu mwaka 1916, eneo hilo lilikuwa na kambi ya wapagazi wa jeshi walioitwa Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ndimi zao, nalo likabaki hivyo hadi leo.

Sisi akina mama wa kikundi chetu cha kanisa, wengi wetu tukiwa wakazi wa Magomeni, huenda Kariakoo kwa miguu mara moja kwa mwezi. Hununua sabuni, khanga na nepi kwa ajili ya wazazi waliojifungua ambao hawana ndugu wa kuwaletea chochote wodini. Tungeweza kupanda basi, lakini tumeona faida ya kutembea. Nauli inayobaki hununua vipande viwili vitatu vya sabuni, miguu hupata mazoezi, na njiani mtu humweleza mwenzake yale ambayo hawezi kuyasema mbele ya watu wengi.

Njia yetu ni rahisi. Huanzia Magomeni Mapipa, tukafuata Barabara ya Morogoro na kuteremka hadi Jangwani. Hapo huvuka daraja la Mto Msimbazi, tukapanda hadi Faya, kisha tukakata kulia na kuifuata Mtaa wa Msimbazi mpaka sokoni. Wakati wa kiangazi safari hii haifiki hata saa moja. Bonde huonekana pana na kavu, vijana wakicheza mpira, na mgeni angeweza kucheka akiambiwa kwamba mahali hapo huua watu.

Lakini huua. Mnamo Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha kwa siku chache tu, na watu zaidi ya 40 wakafariki jijini. Familia nyingi za mabondeni zilipoteza kila kitu, na baadaye Serikali ikazigawia nyingine viwanja huko Mabwepande. Tangu hapo tumeona mara nyingi Barabara ya Morogoro ikifungwa pale Jangwani, na mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, yakisitisha safari kwa sababu maji yamepita juu ya barabara.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Msemo huo ni wa kweli, ila kwa Jangwani hautoshi. Mto Msimbazi haunywi mvua ya Jangwani peke yake. Unatoka kwenye vilima vya upande wa Pugu na Kisarawe, ukapita Vingunguti, Tabata na Kigogo, kisha ukaingia baharini kwenye Daraja la Salander. Mvua ikinyesha usiku huko juu, wewe wa Magomeni unaweza kuamka ukakuta jua linawaka na nguo zinakauka kambani, huku maji yakiwa njiani kukufuata. Basi aliyesimama bondeni asitazame tu mbingu iliyo juu ya kichwa chake.

Jambo hili si la kwetu tu. Huko Uswisi na Austria, wakati wa baridi, watu hupenda kutembea milimani wakiwa wamevaa viatu vipana mfano wa ungo, ili wasizame katika theluji. Kabla ya kutoka nyumbani husoma taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji, ambayo ina ngazi 5. Ngazi ikiwa ya juu, wenye busara hubadili njia. Hutembea mahali tambarare, mbali na miteremko mikali, wala hawapiti chini ya miteremko hiyo, kwa sababu theluji ikiporomoka humfikia hata yule aliye chini asiyeigusa. Nasi Watanzania tulijifunza somo kama hilo kwa machozi tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yalipoporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji mdogo wa Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki.

Kwetu taarifa ya namna hiyo ipo, nayo ni bure. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa siku 5 wenye rangi. Njano ni angalizo, rangi ya machungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa. Husomwa redioni na kwenye televisheni, na vijana wetu huupata katika simu zao. Ni vizuri mama aufuatilie Machi hadi Mei, wakati wa masika, na tena Oktoba hadi Desemba, wakati wa vuli.

Katika masika fulani tulikuwa tumepanga safari yetu Jumamosi ya mwezi wa Aprili. Ijumaa jioni ikatolewa tahadhari kwa mkoa wetu. Asubuhi yake tukakusanyika, na anga lilikuwa jeupe kabisa. Mama mmoja mtu mzima akasema, "Jamani, jua hili, tuogope nini? Wagonjwa wanatungoja." Mwingine, mzazi wa mtoto wa miezi minne, akajibu kwa sauti ya chini, "Mama, nimemwacha mtoto na dada wa kazi. Barabara ikifungwa, mimi nitakuwa ng'ambo na mtoto atakuwa huku. Nani atamnyonyesha?"

Tukalipima neno hilo. Kutoka Magomeni kwenda Kariakoo, ni lazima uuvuke Msimbazi. Ukikwepa Jangwani utaukuta kwa upande wa Kigogo, na ukizunguka Upanga utaukuta Salander. Tukakubaliana kwamba sisi wa Magomeni tusivuke. Tuliwatumia fedha kwa simu wenzetu watatu wanaoishi Ilala, ambao wako upande mmoja na soko na hospitali. Wao walikwenda kwa Barabara ya Uhuru, wakanunua, na kabla ya saa sita mchana wazazi walikuwa wamepokea vifurushi vyao.

Siku ile mvua haikunyesha. Barabara haikufungwa. Wapo walionung'unika kwamba tumekuwa waoga. Sisi tunasema uamuzi ule ulikuwa sahihi, na ungebaki sahihi hata kama jua lingewaka wiki nzima. Mtoto akichanjwa surua na asiugue, hatusemi kwamba chanjo ilipotea bure.

Akina mama wenzetu, mkitaka kwenda sokoni au kumtembelea mgonjwa msimu wa mvua, fanyeni hivi. Sikilizeni utabiri jioni ya kuamkia safari na tena asubuhi. Jiulizeni kama njia yenu inavuka mto, na tafuteni mapema njia ya pili au mtu wa upande wa pili. Pangeni saa ya kurudi, nayo ikifika mrudi hata kama bei ya vitenge imeshuka. Mwambieni mtu nyumbani mnakopita. Na mmoja akisema anaogopa, woga wake utoshe kuwazuia wote, asilazimishwe kutoa sababu.

Mkikuta maji yanapita juu ya barabara, msiingie, hata kama wanaume wanavuka wakicheka. Maji ya kasi yanayofika kwenye vifundo vya miguu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na chini yake huonekani mtaro ulio wazi. Msikubali pia kubebwa mgongoni kwa malipo. Mkiona mtu amezidiwa na maji, pigeni 114, Zimamoto na Uokoaji.

Vaeni viatu vya kufunga, si kandambili, kwa maana maji machafu huingia katika vidonda na mikwaruzo. Sisi tulio wauguzi tunaijua homa ya mgunda, iliyozuka mkoani Lindi mwaka 2022. Huenezwa na mkojo wa wanyama kama panya uliochanganyika na maji au tope. Ukikanyaga maji hayo, oga kwa sabuni mara ufikapo nyumbani. Ukipata homa kali na maumivu ya misuli siku zinazofuata, nenda hospitali na umwambie daktari kwamba ulikanyaga maji ya mafuriko. Maji ya kunywa yachemsheni, maana kipindupindu hupenda majira haya.

Soko la Kariakoo liliungua moto Julai 2021, na biashara haikukoma katika mitaa yake. Mtalikuta Jumamosi ijayo. Vitenge vitakuwapo, na watoto wenu watakuwa na mama wa kuwashonea.