Pangaboi la chumba cha kupimia



Chumba changu cha kupimia nguo hapa Ifakara nimekiwekea mapazia mazito, kwa ajili ya stara. Kwa joto la bonde la Kilombero mwezi Novemba, bila pangaboi bibi harusi hawezi kujaribu shela. Poda na wanja vinamchuruzika.

Alhamisi, ndoa kesho yake baada ya swala ya Ijumaa, pangaboi likagoma. Linaunguruma, halizunguki. Nikalisukuma kwa mpini wa ufagio, likaenda kivivu. Nikasema basi, mota imeungua, ninunue jipya.

Tulimpisha fundi, tukahamia kwa jirani na bibi harusi wetu. Akaniambia mota iliyoungua hunuka, hii ni kapasita tu, kile kidude kinacholianzisha. Akazima swichi kubwa, akaweka nyingine yenye namba ileile, maana namba ikizidi mota hupata moto. Na usikishike hovyo, dada yangu. Hata umeme ukiwa umezimwa kinaweza kukupiga shoti.

Likazunguka kweli, alhamdulillah. Kumbe mapanga sikuyafuta tangu Ramadhani! Vumbi lote likashukia shela jeupe mezani. Likiyumba unakaza skrubu, hilo nalijua. Kufuta vumbi, kazi ya dakika kumi, ndiko nilikokuwa naahirisha.

Vumbi nililitoa kwa brashi laini kavu, maana maji yangeacha doa. Nilimaliza alfajiri inakaribia. Asubuhi nikamweleza mama wa bibi harusi ukweli. Akalikagua shela kwenye mwanga wa dirisha, pindo kwa pindo, kisha akanilipa.