Ukuta Usio na Simiti

Baba alikuwa fundi wa mawe. Kila nilipomsaidia kazi wakati wa likizo alinionya jambo moja: usibanie simiti, jiwe bila simiti linakungoja tu upite.

Basi niliposimama chini ya ukuta wa nje wa Boma Kuu pale Great Zimbabwe, karibu na Masvingo, kitu cha kwanza nilichotafuta kilikuwa simiti. Hakuna. Kimo kinafika mita 11, mzingo ni kama mita 250, unene kwa chini ni zaidi ya hatua zangu tano, na kati ya jiwe na jiwe hakuna hata udongo. Siri ni mwamba wenyewe. Matale ya vilima vile hubanduka tabaka kwa tabaka jua na baridi vikipokezana, jiwe linatoka likiwa bapa tayari. Fundi analigonga kidogo, analipanga, na ukuta unapungua unene ukienda juu. Baba angeuzunguka siku nzima.

Karl Mauch alifika mwaka 1871, akalinganisha ubao wa mlangoni na penseli yake, akaamua ni mwerezi wa Lebanoni na kwamba hapa ni kwa Malkia wa Sheba. Ati penseli! Caton-Thompson alichimba mwaka 1929 akathibitisha ni kazi ya Waafrika. Watawala wa Rhodesia hawakutaka kusikia.

Mzee aliyenitembeza nilimwita sekuru, babu. Naye akaniita mwanangu. Nilidhani anajua Kiswahili, kumbe ni Kishona, neno ni lile lile. Mabwe ni mawe, mudzimu ni mzimu. Sarafu ya Kilwa iliwahi kufukuliwa hapa, kwa hivyo tunajuana kitambo. Dzimbahwe, akaniambia, ni makao ya mtawala, na ni kaburi lake pia.

Tulipanda kilimani hadi ua wa mashariki, walikopatikana wengi wa wale ndege wa mawe ya sabuni. Zamani, alisema, sauti zilisikika huku. Kisha wakaja wachimbaji, ua wa waya, tiketi, na wenyeji wakazuiwa kuja kutambika. Pakanyamaza.

Hapo simu yangu ikalia. Kaka yangu, tena: mnunuzi amepatikana, imebaki sahihi yako. Ni lile shamba alimolala Baba. Tutamhamisha, aliandika, si watu huhamishwa?

Sekuru aliuliza kama ni habari mbaya. Nikamweleza.

"Nyumba yake ipo?"

"Ipo. Aliijenga mwenyewe."

"Nani anafagia?"

Sikuwa na jibu. Tukashuka polepole, yeye mbele, akinionyesha pa kukanyaga. Chini nikaandika kwamba sitatia sahihi. Nikafuta. Nikaandika kwamba nakuja nyumbani kwanza.